Prosesa Haijawahi Kuiona Skripti Yako

Nilikuwa nimefungua madirisha mawili kwenye skrini moja. La kushoto lilikuwa limeunganishwa na mashine yenye prosesa ya x86-64, na la kulia na mashine yenye prosesa ya ARM64. Hizo ni sanifu mbili, yaani familia mbili za prosesa, kila moja na amri zake. Skripti ilikuwa ileile, herufi kwa herufi: inasoma faili kubwa mstari baada ya mstari, na kila mstari inaukokotolea alama ya uhakiki, yaani namba fupi inayotokana na baiti zake. Injini ya JavaScript, programu iliyokuwa ikiiendesha skripti hiyo, ilikuwa ya toleo moja pande zote mbili, hadi tarakimu ya mwisho. Nikaianzisha kushoto, nikaianzisha kulia, kisha nikasubiri.

Kushoto ikamaliza. Kulia ikaendelea, ikazidi kuendelea, mpaka muda wake ukapita mara mbili ya ule wa kushoto.

Hilo peke yake lisingeninyima usingizi, kwani prosesa hutofautiana. Kilichonikera ni kwamba siku chache kabla nilikuwa nimeiandika hesabu hiyohiyo kwa lugha ya C, nikaipima kwenye mashine hizohizo, na mashine ya kulia ndiyo iliyotangulia. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilijirudia kila nilipopima.

Mashine iliyokuwa nyepesi kwa C ilikuwa nzito kwa skripti.

Nilitembea na swali hilo kwa wiki kadhaa, na nimeamua kuliandika kwa sababu jibu halikuwa mahali nilipokuwa nikilitafuta.

## Kumlaumu asiyehusika

Nilianza na yale ambayo wengi wetu tungeanza nayo: kasi ya saa ya prosesa, ukubwa wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), kasi ya kumbukumbu. Kila nilipoligusa mojawapo, programu ya C ilisimama mbele yangu kama shahidi wa upande wa utetezi. Kama kasoro ingekuwa kwenye chipu, mbona C haikuumia?

Hata hivyo, hoja hiyo haikuwa imara kama nilivyotaka iwe. Skripti haiitumii kumbukumbu kama C inavyoitumia. Thamani zake nyingi ni vitu vilivyotawanyika, vinavyofikiwa kwa kufuata kielekezi kimoja (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) hadi kingine, na mkusanya taka, anayeachia kumbukumbu isiyotumika tena, hupita katikati yake mara kwa mara. Ingewezekana kabisa mashine moja iwe nzuri kwa safu iliyonyooka ya baiti na iwe dhaifu kwa kurukaruka. Kwa siku kadhaa niliamini hivyo, nikapima na kupima tena, nikaambulia patupu.

Mambo yaligeuka pale nilipofanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Upande wa kushoto nilizima kompaila ya papo kwa papo, ile sehemu ya injini inayoitazama skripti ikiendeshwa na kuigeuza kuwa amri halisi za prosesa, nikaacha mkalimani, sehemu inayosoma na kutekeleza skripti amri moja moja, afanye kazi yote. Mashine ya kushoto ikazorota mpaka ikakaribiana na ya kulia. Kisha nikaizima upande wa kulia.

Hakuna kilichobadilika.

Nilikuwa nimezima kitu ambacho hakikuwapo. Kifurushi cha injini kilichotengenezwa kwa ajili ya ARM64 kilijengwa bila kompaila hiyo, na hakikutoa onyo lolote. Kilifanya kazi, kilitoa majibu yaleyale, na kilijitaja kwa namba ileile ya toleo.

## Kalenda badala ya silikoni

Baada ya hapo nilianza kuyaona matokeo ya vipimo vya watu wengine kwa jicho tofauti. Mkalimani wa skripti kwa kawaida huandikwa kwa C au C++, na mahali popote penye kompaila ya lugha hizo, mkalimani huyo atajengeka na atafanya kazi. Kompaila ya papo kwa papo haina bahati hiyo. Inapaswa kuzijua amri za prosesa moja moja, ukubwa wa kila amri, rejista zipi (vishikio vidogo vya thamani ndani ya prosesa) zimetengwa kwa kazi gani, na namna ya kuita funksheni. Maarifa hayo huandikwa na watu, usanifu mmoja baada ya mwingine, na baadhi ya sanifu husubiri zamu.

Lugha ya PHP, toleo la 8.0, ilitoka mwaka 2020 ikiwa na kompaila yake mpya ya papo kwa papo kwa ajili ya x86 tu (familia ambayo x86-64 ni tawi lake la biti 64), na ARM64 ikaipata katika toleo la 8.1 mwaka uliofuata. Lugha ya Ruby, katika toleo la 3.1, ilileta YJIT, kompaila mpya ya papo kwa papo, mwaka 2021 ikiwa ya x86-64, na ARM64 ikafikiwa na toleo la 3.2 mwishoni mwa 2022. Mtu aliyelinganisha prosesa hizo mbili kwa kutumia Ruby katika mwaka huo uliopita katikati, kisha akatangaza kwamba usanifu mmoja ni bora kwa skripti, kwa kweli alikuwa amepima kalenda ya kazi za watu.

LuaJIT, injini ya lugha ya Lua, imekwenda mbali zaidi. Huko hata mkalimani mwenyewe ameandikwa kwa amri za mashine kwa kila usanifu, na ndiyo maana hata kompaila yake ikizimwa bado ina mwendo mkubwa. Ilipopelekwa kwenye ARM, ambako prosesa nyingi ndogo za wakati huo hazikuwa na sehemu ya kukokotoa namba za desimali, iliongezewa utaratibu wa kuzishika namba kamili kama namba kamili badala ya kuiacha kila namba iwe ya desimali. Hicho ni kielelezo cha mtu aliyeitazama prosesa aliyonayo mbele yake akaiandikia injini inayoifaa.

Mkalimani aliyeandikwa kwa C naye hana usawa kamili kila mahali. Kazi yake ni kusoma amri moja ya skripti, kuruka mpaka kwenye kipande cha msimbo kinachoihusu, kisha kurudi kusoma nyingine, na prosesa hulazimika kubahatisha kila mruko utaelekea wapi. Kwa miaka mingi ubahatishaji huo ulihesabiwa kuwa ndio ugonjwa mkuu wa wakalimani wote. Mwaka 2015, watafiti wa taasisi ya Inria nchini Ufaransa walionyesha kwamba kuanzia kizazi cha Haswell cha Intel, kilichotoka mwaka 2013, tatizo hilo lilikuwa limepungua mno. Ushauri wa zamani ulikuwa umepitwa na wakati, na bado ulikuwa ukirudiwa. Nami nilikuwa mmoja wa walioamini hivyo.

## Kujumlisha namba mbili

Niliijenga injini upya kwenye mashine ya kulia, kompaila ikiwa ndani. Pengo likapungua sana, lakini halikufutika. Mashine ya kulia bado ilichelewa kwa kiasi ambacho C haikukieleza, nami sikuwa tayari kuliacha jambo likiwa nusu.

Nikaanza kusoma msimbo ambao injini huuzalisha, amri kwa amri, kwa sanifu mbalimbali. Fikiria jambo dogo kabisa: a + b. Katika JavaScript namba ni ya desimali ya biti 64, lakini injini hubashiri kwamba a na b ni namba kamili za biti 32, kwa sababu mara nyingi huwa hivyo, na kujumlisha namba kamili ni nafuu. Ubashiri huo una sharti. Jumla ikifurika, yaani ikizidi biti 32, injini lazima itambue na kurudi kwenye njia ya desimali.

Kwenye x86-64 hilo ni amri mbili: jumlisha, kisha ruka iwapo bendera ya kufurika (biti ambayo prosesa huisimamisha jumla ikizidi) imesimama. Kwenye ARM64 pia ni mbili, kwa sura hiyohiyo. Kwenye RISC-V, usanifu mwingine, hakuna bendera. Wabunifu wake waliziacha kwa makusudi, kwani bendera ni kiungo cha siri kati ya amri moja na inayofuata, na viungo vya namna hiyo huzifunga mikono prosesa zinazotaka kuendesha amri nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo huko injini hujumlisha kwa biti 64, hujumlisha tena kwa biti 32, kisha hulinganisha majibu mawili. Amri tatu badala ya mbili, kwa kila jumla ambayo injini haikuweza kuthibitisha kuwa ni salama.

C haihitaji ukaguzi huo. Kwa namba kamili zenye ishara ya chanya au hasi, mwandishi wa C amekwisha kuahidi kwamba hazitafurika, na kompaila inamwamini; zile zisizo na ishara huzungushwa tu bila kukaguliwa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini kipimo cha C hakiwezi kuwa shahidi wa mwendo wa skripti: skripti hutumia sehemu kubwa ya muda wake kuuliza maswali ambayo C haiulizi, na gharama ya kuuliza hutofautiana kati ya prosesa na prosesa.

Kugawanya nako kuna mambo yake. Kwenye x86 amri ya kugawanya hutoa hisa na baki kwa pamoja, lakini ukigawanya kwa sifuri prosesa hupiga kelele na kuisimamisha programu, hivyo injini hutanguliza ulinzi. ARM64 hugawanya kwa sifuri kimyakimya na kutoa sifuri, lakini haina amri ya baki, kwa hiyo baki hupatikana kwa amri ya pili inayozidisha na kutoa. Sioni aliyeshinda hapo. Kila mmoja ana hesabu zake.

## Mazoea yaliyotoka nyumbani

Injini nyingi zilikulia kwenye x86, na mtu akikulia mahali hubeba mazoea ya pale bila kujua kuwa ni mazoea.

Kompaila ya papo kwa papo huandika amri kwenye kumbukumbu kisha huziendesha hapohapo. Prosesa ya x86 huhakikisha yenyewe kwamba kashe ya amri imeyaona maandishi mapya. ARM haifanyi hivyo. Injini lazima isafishe kashe ya data, ibatilishe kashe ya amri, isubiri, kisha iendelee, la sivyo prosesa inaweza kuendesha amri za zamani ambazo hazipo tena. Kwa injini inayozalisha msimbo mara moja na kuutumia kwa muda mrefu, gharama hiyo haionekani. Kwa injini iliyozoea kurekebisha msimbo wake kidogo kidogo kila mara, ni mzigo wa kila siku.

Mpangilio wa kumbukumbu nao ni hivyohivyo. Kwenye x86, uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) ukiandika vitu viwili, uzi mwingine utaviona kwa mpangilio uleule. ARM inaruhusu vionekane kwa mpangilio mwingine mpaka uombe utaratibu kwa amri maalumu, na mkusanya taka anayefanya kazi sambamba na skripti hulazimika kuuomba utaratibu huo mahali ambapo kwenye x86 ulipatikana bure.

Kisha kuna anwani. SpiderMonkey, injini ya Mozilla, huficha vielekezi ndani ya namba za desimali ambazo si halali, kwa mbinu inayotegemea anwani zisizozidi biti 47. Kwenye Linux ya x86-64 programu za kawaida hupewa anwani za kiwango hicho. Linux kwenye ARM64 inaweza kutoa anwani za biti 48, na injini ikalazimika kuomba kumbukumbu yake kwa uangalifu ili isipewe iliyo juu mno. Biti moja tu, na dhana iliyokuwa imetulia kwa miaka ikatikisika.

Kuna hata suala la kutaja anwani yenyewe. Msimbo unaozalishwa na injini hutaja anwani za vitu mara nyingi. x86-64 inaweza kubeba thamani nzima ya biti 64 ndani ya amri moja ya baiti 10. Kwenye ARM64 kila amri ina baiti 4 na hubeba biti 16 tu za thamani hiyo, kwa hiyo anwani nzima inaweza kuhitaji amri nne, au isomwe kutoka kwenye ghala dogo lililowekwa kando ya msimbo. Injini iliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka x86, bila kufikiriwa upya, hujaza kashe kwa amri za kubebea anwani.

## Usanifu ni lugha, chipu ni msemaji

Hapa nilikaribia kuhitimisha vibaya. Baada ya kuorodhesha yote hayo nilikuwa tayari kuandika kwamba ARM64 ina kodi yake ambayo skripti hulipa.

Lakini Cortex-A53 na chipu ya M1 ya Apple zote huzungumza ARM64. Ya kwanza ni prosesa ndogo inayoendesha amri kwa mpangilio zilivyoandikwa, zisizozidi mbili kwa mpigo. Ya pili hupanga upya mamia ya amri zinazosubiri, na kila kiini chake kikubwa kina kashe ya amri ya kilobaiti 192, ilhali kilobaiti 32 zilikuwa za kawaida kwa muda mrefu upande wa x86. Amri nne za kubeba anwani ambazo zingeielemea ya kwanza, ya pili huzimeza bila kupunguza mwendo. Msimbo wa injini za skripti ni mpana na umetawanyika, kwa hiyo kashe kubwa ya amri huinufaisha skripti kuliko inavyomnufaisha mwandishi wa kitanzi kimoja cha C.

Ninaposoma kwamba usanifu fulani ni wa polepole kwa skripti, siku hizi huuliza kwanza: chipu ipi, na injini iliyojengwa na nani?

## Mstari mmoja

Nilirudi kwenye skripti yangu. Muda uliobaki ulikuwa umejikusanya kwenye mstari mmoja, ule wa alama ya uhakiki. Nilitumia FNV-1a ya biti 32, kanuni ya kukokotoa alama za namna hiyo, na niliuandika hivi, h ikiwa alama inayojengwa na b ikiwa baiti inayofuata:

h = ((h ^ b) * 16777619) | 0

Alama ya | 0 mwishoni huiambia JavaScript iirudishe namba kwenye biti 32, na sheria ya lugha inataka izungushwe. 3000000000 | 0 hutoa -1294967296. Prosesa hazifanyi hivyo zenyewe. Ukiiomba x86 igeuze namba ya desimali iliyozidi kipimo kuwa namba kamili ya biti 32, hurudisha thamani moja maalumu ya kuashiria kwamba imeshindwa. Ukiiomba ARM, huishia kwenye namba kubwa kabisa inayowezekana na kusimama hapo. Zote mbili si jibu la JavaScript, kwa hiyo injini hugeuza kwa biti 64 kwanza, hukagua, hukata nusu ya juu, na ikishindwa huita njia ndefu.

Wabunifu wa ARM waliliona hili. Katika toleo la ARMv8.3, lililotangazwa mwaka 2016, waliongeza amri iitwayo FJCVTZS, ambayo inafanya ugeuzaji huo kama JavaScript inavyoutaka, kwa amri moja. Herufi J ni ya JavaScript.

Prosesa ya mashine yangu ya kulia ilikuwa na amri hiyo. Injini haikuitumia. Zaidi ya hayo, kwenye x86-64 injini ilikuwa na njia fupi iliyoandikwa ndani ya msimbo unaozalishwa, ilhali kwenye ARM64 iliita funksheni ya nje kila mara, kwa kila baiti ya kila mstari wa faili langu. Nilikaa kimya kwa muda mrefu nikilitazama jambo hilo. Pengo lililobaki, nililokuwa nimelitafutia maelezo kwenye kashe, bendera na mipangilio ya kumbukumbu, lilikuwa kipande cha kazi ambacho hakuna mtu aliyekuwa amepata nafasi ya kukiandika.

Ila kuna swali ambalo sikuwa nimejiuliza: kwa nini hesabu hiyo ilipitia kwenye desimali hata kidogo? Injini huweza kuzidisha moja kwa moja kwa namba kamili pale inapoweza kuthibitisha kwamba jibu halitapoteza kitu. Hapa haikuweza. Namba yenye ukubwa wa 2 kwa kipeo cha 31, ikizidishwa kwa 16777619, inazidi 2 kwa kipeo cha 55, na namba ya desimali ya biti 64 huishika namba kamili bila hasara hadi 2 kwa kipeo cha 53 tu. Injini ilikuwa sahihi kukataa. Biti za chini zilikuwa zikipotea kweli, nazo ndizo hasa ambazo | 0 huzibakiza.

Nikabadilisha mstari nikatumia Math.imul, iliyoingia kwenye lugha mwaka 2015 kwa ajili ya kazi hii hasa: kuzidisha namba kamili za biti 32 na kubakiza biti 32 za chini. Kwenye x86-64 inakuwa amri moja ya kuzidisha. Kwenye ARM64 vilevile. Nikaianzisha kushoto, nikaianzisha kulia.

Kulia ikamaliza kwanza, kwa tofauti ndogo, kama ilivyokuwa kwa C.

Alama za uhakiki hazikufanana na za awali. Kwa muda wote huo mashine mbili zilikuwa zimepishana kwa mwendo huku zikikubaliana, biti kwa biti, kwenye majibu yasiyo ya FNV-1a, kwa sababu kiwango cha IEEE 754, kanuni ya pamoja ya hesabu za desimali, huzifunga zote mbili zikadirie kuzidisha kwa namna moja. Niliyalinganisha majibu mapya na yale ya programu ya C, ambayo sikuwa nimewahi kuyalinganisha. Nilikuwa nimelinganisha muda tu. Yalifanana.

Faili lote nililikokotoa upya usiku ule, kwenye mashine ya kulia.